Kengele za Mbuzi wa Doldol

Nyeri, 19 Februari 2024

Kwa Nderitu, ndugu yangu mkaidi,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Sisi ni wazima. Mama yuko Mukurweini na mguu wake, na bado anakataa kuja kukaa nami mjini, ati ng'ombe hatakubali kukamuliwa na mtu mwingine. Ndizi zimezaa mpaka migomba inainama. Shiku wangu ameng'oka meno ya mbele, na kila jioni ananiuliza kama anko Nderitu analala juu ya mti. Nimemwambia ndiyo, kwa hivyo ukija usiniharibie.

Najua unacheka kwamba dada yako anaandika barua siku hizi za simu. Simu yako inashika mtandao ukiwa juu ya ule mwamba tu, na nikingoja uupande nitazeeka. Ngatia wa lori ya mbuzi hupita hapa akitoka Doldol kwenda Karatina, na amekubali kuziacha barua zako kwa Ramila, dukani chini ya ofisi yangu, na kuchukua zangu hapo hapo. Basi tuendelee hivyo.

Sasa neno lenyewe. Wale maarusi niliokuletea Januari wamerudi na furaha ambayo sijawahi kuiona. Bwana arusi anasema chui mweusi alitokea kila jioni waliyokaa, akalala juu ya jiwe mbele yao mpaka wakachoka kumpiga picha. Nderitu, nimepanga safari za wageni tangu ofisi ilipokuwa meza moja na kiti cha kuazima. Nina wateja wa kutafuta ndege ambao wameloa mvua ya Aberdare miaka na miaka bila kuona hata mkia wa chui. Wewe unampata vipi kila jioni, tena mweusi?

Nijibu, kwa sababu simu hazikomi. Maarusi wengine wanamtaka, na watu wa kamera wanamtaka. Kwenye tangazo nimempa jina la Bwana Makaa. Watu wamelipenda.

Dada yako,
Ngendo


Kambini, ng'ambo ya Doldol, 7 Machi 2024

Kwa dada Ngendo,

Habari za huko? Mimi mzima. Gatimu mpishi anakusalimu na anaomba majani ya chai ya Kangari, anasema haya tunayokunywa ni vumbi la barabara. Mwambie Mama nitakuja Pasaka. Mwambie Shiku mti wangu una shuka na mto.

Huku jua ni kali. Mto umebaki mchanga, lakini ukichimba kidogo maji yapo, na wafugaji huleta mbuzi wao kunywa kila asubuhi. Ni raha kuwasikia wakija. Kila kundi lina kengele zake na kila mwenye mbuzi anajua sauti ya zake. Naisula, yule mama anayetuuzia mbuzi, anaweza kukaa amefumba macho akakuambia ni mbuzi gani amebaki nyuma.

Ulichouliza nimekiandika kwenye ukurasa wa pili, ili huu wa kwanza uweze kumsomea Mama.

Ni hivi. Mwaka jana nilinunua mbuzi mzee kwa Naisula nikamfunga chini ya mwamba, na kengele yake shingoni. Chui alichelewa, lakini alikuja. Wageni walipokuja nikafanya hivyo tena, na tena. Wao hawamwoni mbuzi, jiwe linamficha. Wanasikia kengele kwa mbali wanafikiri ni wafugaji wanarudi nyumbani.

Siku hizi mbuzi hahitajiki sana. Nikiitikisa ile kengele, anatoka. Juzi nilijaribu bila mbuzi, nione tu. Alikuja hadi chini kabisa. Akatazama mkono wangu ulioshika kengele, halafu akatazama shingo yangu, kwa muda. Nikamrushia kuku nikaondoka kinyumenyume.

Si umeona nimekuwa mwalimu?

Nderitu


Nyeri, 28 Machi 2024

Kwa mwalimu wa chui,

Salamu. Huku mvua imeanza na barabara ya kwa Mama imekuwa uji, boda zinateleza kama sabuni. Ng'ombe amezaa dume, Mama amenuna. Majani ya Gatimu nimempa Ngatia, asiyanywe yote peke yake.

Barua yako nimeipata. Ilikuwa na ukurasa mmoja. Ukurasa wa pili sikuuona, na hata mtu akiniuliza mahali popote sikuuona. Umenielewa? Na wewe usiuandike tena.

Ninachojua mimi ni kwamba nina kiongozi hodari anayelifahamu pori lake. Aprili nakuletea maarusi wa Mombasa na rafiki zao, halafu mabwana wa kamera. Wote nimewaahidi Bwana Makaa. Usiniangushe.

Pasaka tutachinja. Njoo.

Ngendo


Kambini, 14 Mei 2024

Kwa dada Ngendo,

Salamu kwako, kwa Shiku na kwa Mama. Najua Mama amekasirika kwamba Pasaka sikuja. Mwambie mto ulijaa tukakaa ng'ambo. Ulijaa kweli, ingawa si siku hizo.

Nyasi zimeota na huku kumependeza. Wale maarusi waliondoka wakifurahi, watu wa kamera pia. Bwana Makaa hakuchelewa hata jioni moja.

Kuna mambo madogo. Mbuzi wa majirani sasa wanapita kimya. Unainua macho unawaona wameshakufikia, na hujasikia kitu. Naisula ameniambia haniuzii mbuzi tena, na wengine pia wamekataa. Sikuuliza kwa nini. Binti yake aliumia mkono kule mtoni, alianguka. Walimpeleka kushonwa Nanyuki na amerudi, lakini hachungi tena.

Kengele yangu nimeifungia ndani ya sanduku. Nimeijaza kitambaa isilie hata kidogo.

Naomba jambo moja, dada. Mwezi huu na ujao usiniletee wageni. Na watoto usilete kabisa, hata baadaye. Huku si mahali pa watoto.

Nderitu


Nyeri, 11 Juni 2024

Kwa ndugu yangu,

Sisi wazima, baridi tu. Mama nilimsomea barua yako, akasema, "Huyo kijana akiandika mambo madogo madogo, jua amefanya kubwa. Hata alipovunja mtungi wangu wa maziwa alianza kwa kuniambia kuku ametaga." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nafikiri umechoka. Kula vizuri, pumzika, Juni na Julai sikuletei mtu. Pole kwa mtoto wa Naisula, mpelekee sukari kwa niaba yangu. Agosti shule zikifungwa nina kundi, nitakuandikia habari zao wakati ukifika.

Sasa nikupe la kufurahisha. Ngatia aliniletea gunia la kengele za mbuzi! Anasema soko la Doldol limejaa kengele, wenyewe wanaziuza kwa bei ya chuma chakavu. Nzuri, za zamani, nyingine zina alama za moto za babu zao. Nilizichukua zote. Ramila alikuja kusaidia kuzisugua, akaomba moja ya kuweka mbele ya miungu yake dukani. Akaitikisa, akaniambia, "Sauti iko tamu sana, Ngendo. Lakini kama watu yote nauza siku moja, lazima iko sababu." Nikamwambia sababu ni kwamba kila mtu siku hizi ananunua pikipiki.

Nina mpango nazo. Sikuambii sasa, utaona mwenyewe.

Ngendo


Kambini, 2 Julai 2024

Ngendo,

Nisamehe, leo sitauliza habari za mtu yeyote kwanza. Zile kengele zifunge ndani ya gunia. Uzizike ukipenda. Usimpe mgeni, usimpe mtoto, usilete hata moja upande huu wa Nanyuki.

Nikueleze vizuri, maana Mei sikukueleza.

Chui yule nilimfundisha kwamba kengele ni chakula. Nilidhani nimemfundisha kengele yangu. Kumbe yeye kengele zote kwake ni moja. Machi alianza kuchukua mbuzi wa watu mchana, wale wenye kengele tu, anawaacha walio kando yao. Halafu akachukua punda wa maji, punda mkubwa, kwa sababu alivishwa kengele. Wafugaji si wajinga. Waliona kabla yangu. Wakavua mifugo yao yote kengele, wakazipeleka sokoni, hakuna aliyetaka hata kubaki nayo nyumbani. Ndizo ulizonunua.

Binti wa Naisula hakuanguka. Alikuwa ameshika mkononi kengele aliyomvua mbuzi, anakwenda nayo kwa mama yake, akiichezesha. Mbuzi walikuwa pande zote za yule mtoto. Chui aliwapita wote akamwendea yeye. Mbwa waliwahi, ndiyo sababu ana mkono bado. Naisula ananijua vizuri, anajua mbuzi alioniuzia walikwenda wapi, na hajanitukana hata neno moja. Hupita hapa kwenda kisimani akitazama mbele tu. Afadhali angenitukana.

Mimi sijatikisa kengele tangu siku hiyo. Haijasaidia. Anakuja jioni, anazunguka hema, anangoja. Amehamia juu ya mwamba wa simu, analala pale pale ninaposimamaga kukupigia, kwa hivyo usishangae sipatikani.

Askari wa wanyama sijawaambia. Kila siku nasema kesho. Nikiwaita wataniuliza chui amezoeaje, na nitajibu nini? Naogopa, dada. Naogopa chui na naogopa hilo swali, na mara nyingine sijui ni lipi naliogopa zaidi. Ukiniambia tufunge kambi, nitakwenda kwao siku hiyo hiyo niseme yote. Nangoja neno lako.

Hili la Agosti ni kundi gani? Mbona hukusema?

Barua hii Gatimu ataiacha kwenye meza ya Naisula pale soko la Doldol, kama zote, Ngatia akipita aichukue.

Nderitu


Nyeri, 3 Agosti 2024

Kwa Nderitu aliyeninunia,

Tangu ile ya Mei sijapata hata mstari kutoka kwako. Najua sababu moja: ugonjwa wa midomo na miguu umeingia, soko la mifugo la Doldol limefungwa, na lori ya Ngatia imeegeshwa Karatina tangu mwanzo wa Julai. Simu yako nayo ni ile ile, hupatikani. Barua hii naitia ndani ya gunia la unga, pamoja na vyakula vya kambi. Kijana wa boda wa Nanyuki atavishusha hapo barabara inapoishia, mvifuate na punda.

Mama hajambo, mguu unapona. Anasema ukimaliza kundi hili uje nyumbani, na usije na maneno ya mto kujaa.

Sasa tega sikio, na usikasirike mpaka umalize kusoma. Kundi la Agosti ni familia. Wazazi na watoto, wa Nairobi na wawili wa ng'ambo. Nilisoma ulichosema juu ya watoto, sijasahau. Lakini nilikuwa nimeshawaahidi kabla hujasema, na hawa wakighairi, Nderitu, nafunga ofisi. Nilinyamaza kwa sababu nilijua ungekataa. Basi nimesema sasa. Wewe ni kiongozi mzuri kuliko unavyojijua, watoto watakuwa salama mikononi mwako.

Na ili ujue naamini ninachosema, nakuja nao mwenyewe, na Shiku nakuja naye. Amekwisha kufunga mzigo wake. Ameuliza kama kuna nafasi kwenye mti wako.

Tutafika tarehe tisa. Gari litatushusha barabara inapoishia baada ya chakula cha mchana na kubaki hapo na dereva, halafu tutembee kwa miguu ndani ya mto mkavu mpaka kambini, tukifika kabla ya jua kuzama ili wageni wamwone Bwana Makaa wakinywa chai. Hayo matembezi ndiyo niliyowauzia. Watoto wa mjini hawajawahi kutembea mahali pasipo na ukuta.

Na sasa ule mpango wangu! Kila mtoto atavaa kengele ya mbuzi shingoni, ili wazazi wasikie aliko hata akipita nyuma ya kichaka. Si ni jambo la hekima? Wazazi wamefurahi mno, na kengele wanabaki nazo kama kumbukumbu. Ya Shiku nimemchagulia ile ndogo yenye alama ya moto, ina sauti kali kuliko zote. Analala nayo. Nyumba yangu yote imekuwa zizi.

Mtatusikia kabla hamjatuona.

Dada yako anayekupenda,
Ngendo


Kambini, 9 Agosti 2024, mchana

Ngendo,

Barua yako Gatimu ameikuta sasa hivi ndani ya unga, alipofungua gunia kutupikia chapati. Boda aliishusha mizigo jana akarudi zake. Ninyi mmeshatoka Nanyuki, mko mahali ambapo simu yako nayo haishiki. Kwa hiyo ile yangu ya Julai hukuipata. Na mimi kila siku nilikuwa nikisema, amesoma, amekasirika, ndiyo maana hajibu.

Gatimu ndiye anayekuletea hii. Anapita njia ya juu, kwenye ukingo, na ataenda mbio. Atakapowafikia fanya kama asemavyo kabla hujamaliza kusoma. Kengele zote zivuliwe. Msizitupe chini zikalia. Amekuja na mablanketi na kamba. Kila kengele ijazwe kitambaa, ulimi wake usiguse kitu, zifungwe ndani ya blanketi. Halafu rudini mlikotoka, msishuke mtoni tena. Watoto wawe katikati, watu wazima mbele na nyuma, mshikane mikono. Mkifika barabarani kaeni ndani ya gari. Shiku usimwachilie hata akilalamika.

Ukipata mtandao, piga simu kwa askari wa wanyama. Waambie yote, na la ukurasa wa pili pia. Waambie mimi ndiye niliyefanya na mimi ndiye niliyekutuma useme.

Nimemwona asubuhi juu ya mwamba. Alikuwa amelala. Sasa hayupo pale. Jua limepinda, na upepo unatoka huko mtoni mnakokuja. Gatimu anasema amesikia kitu kwa mbali. Mimi sijasikia, lakini masikio ya yule chui si kama yangu.

Mbuzi wa kumfungia sina, hakuna anayeniuzia. Kuku waliisha. Nimefungua sanduku nikaitoa ile kengele yangu, nikachomoa kitambaa. Ni kubwa kuliko zenu na inasikika mbali zaidi. Nimeifunga shingoni kwa kamba ya hema, kwa sababu mkononi naweza kuiangusha. Nakwenda upande wa pili, nyuma ya mwamba, kwenye yale makorongo ya mawe, mbali nanyi kadiri miguu itakavyonipeleka. Nina panga na tochi. Ninaifahamu njia.

Usimlaumu Gatimu, alitaka kuja nami nikamfukuza. Mwambie Naisula nimesema pole. Nilipaswa kusema mwenyewe, alipita hapa mara nyingi. Mwambie Mama kwamba alikuwa amejua.

Nilikukasirikia niliposoma. Sasa sijakukasirikia. Mimi ndimi niliyemfundisha, wewe ulimpa jina tu.

Mkianza kupanda ukingo mtasikia kengele upande wa mwamba. Ni mimi, msiifuate, na mtoto akiuliza mwambie ni mbuzi wa anko. Maadamu inalia, tembea pole pole, mwendo wa Shiku. Ikinyamaza, mbebe.

Nderitu